Nilimtumia Wateja Wamzamishe

Nilisema nitalipiza, na leo nawaambia nililipiza vipi. Asije mtu akasema nimesingiziwa, maana haya nayasema kwa mdomo wangu mwenyewe.

Kwa aliyelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, mambo ni haya. Mimi naitwa Ivonete, kazi yangu kuogesha na kunyoa mbwa, mkazi wa Santa Tereza hapa Belo Horizonte. Nilifungua saluni ya mbwa pamoja na Jussara, shoga yangu wa tangu utotoni na mama wa ubatizo wa binti yangu Tainá. Jussara alitaka mbwa wengi. Mimi nilitaka mbwa watoke wameoga kweli. Siku moja akamfungia mbwa wa mwalimu Edilene kwenye kisanduku cha kukaushia, akaenda kupokea simu ya mteja mwingine, mbwa akaungua mgongo. Jioni ile ile kundi la simu la mtaa mzima likaambiwa kwamba aliyemuunguza ni Ivonete. Picha ya ule mgongo ikawekwa, na jina langu chini yake.

Nikatolewa kwenye saluni niliyoipaka rangi kwa mikono yangu. Ubao wa nje ulikuwa na majina yetu mawili. La kwangu akalifuta kwa rangi nyeupe, tena rangi ya bei poa, jua likipiga bado linasomeka.

Hapo ndipo tulipofika. Sasa sikilizeni yaliyofuata.

Nilianza kunyoa mbwa jikoni kwangu, juu ya meza ile ile tunayolia chakula. Tainá akawa analalamika kwamba kila kijiko cha wali kina unyoya. Nikienda kununua mkate, maneno yanakatika ghafla, kila mtu anaangalia mikate kama hajawahi kuiona. Mwalimu Edilene akiniona anavuka barabara na mbwa wake.

Nani angevumilia? Wapo, lakini si mimi. Nilikuwa na donge rohoni, nikalilea kama mtoto, nikalilisha asubuhi na jioni.

Mtu mmoja tu mtaa mzima alisema wazi kwamba haamini uzushi ule: Dona Zulmira. Huyu ni mjane mwenye nyumba. Yeye anaishi juu, saluni iko chini. Macho yake yameingia mtoto wa jicho, anaona watu kama vivuli. Ana mbwa mmoja mdogo, mweupe, wa manyoya ya kujisokota, anaitwa Pipoca. Mbwa mwenyewe mzee, meno yamebaki machache, moyo mbovu, kila jioni lazima ameze kidonge. Nilikuwa nikipanda kwa ngazi za nyuma kwenda kumnyoa, nisikutane na Jussara.

"Mkono huu haumuunguzi mbwa," Dona Zulmira aliniambia siku moja, ameushika mkono wangu.

"Basi mtoe, mama. Chumba ni chako."

"Mwanangu, simtoi mpangaji kwa maneno ya kusikia. Kila Mwaka Mpya tunakaa, tunakunywa kahawa, nasema aendelee au asiendelee. Siku wateja wake wakipanda ngazi hizi kunilalamikia, hapo nitakuwa na la kumwambia."

Hakujua alichonipa. Niliendelea kumchana Pipoca kimya kimya, lakini kichwani mwangu taa ilikuwa imeshawaka.

Watu wengi wakitaka kumuua mfanyabiashara humnyang'anya wateja. Mimi nilimjua Jussara. Nimekula naye, nimelala naye chumba kimoja tukiwa wasichana. Jussara hajui kumwambia mteja hapana. Simu ikilia, mwili wake wote unaitika.

Ugomvi wetu tangu mwanzo ulikuwa huo huo.

"Wewe unamwogesha mbwa kana kwamba unaosha maiti," alikuwa akinikejeli. "Mbwa hataandika barua kukushukuru."

"Mwenye mbwa ndiye atakayerudi."

"Huyo anayerudi atarudi mwezi ujao. Huyu anayepiga simu yupo sasa hivi. Na hao mbwa wako watatu walioridhika, umeme wanatulipia kwa kutikisa mkia?"

Nakiri hilo la umeme lilikuwa likinifunga mdomo. Lakini hata aliyekufunga mdomo kwa haki, akija kukuchafua jina, haki yake imekwisha.

Basi nikaamua. Simnyang'anyi wateja. Nampa. Nampa hadi wamfike puani.

Mnajua Krismasi yetu ilivyo. Mkesha hakuna anayekubali mbwa mwenye uvundo apite kati ya miguu ya wageni. Kila mtu anataka wake aoge, anyolewe, afungwe utepe masikioni, apulizwe manukato. Siku hiyo moja ndiyo inayomtofautisha mwenye saluni na mwenye ndoo.

Nikachukua simu, nikaanza na watu wangu wa zamani, mmoja mmoja. Bwana Wanderley wa duka la vyuma ndiye wa kwanza. Naye ana mbwa mweupe, Floco, ukimlowesha humtofautishi na Pipoca. Hilo likumbukeni.

"Bwana Wanderley, baharini mnaondoka lini?"

"Mkesha, mchana. Mama watoto anataka chakula cha Krismasi tukale Guarapari kwa dada yake. Vipi?"

"Na Floco mnamtia garini na uvundo wake, abanane na watoto njia nzima?"

Akacheka. "Ungekuwa bado uko pale ningekuletea."

"Mpeleke kwa Jussara, asubuhi ya mkesha. Mwambie unataka saa nne. Usikubali saa nyingine."

"Wewe ndiye unayenituma kwa Jussara?"

"Yaliyopita yamepita," nikasema, kwa sauti ya mtu aliyetoka kanisani sasa hivi.

Nikaendelea hivyo kutwa nzima. Wote niliwaambia saa nne. Mwenye mbwa mkubwa, saa nne. Mwenye mbwa wawili wanaochukiana, saa nne. Bibi mmoja ana mbwa anayeng'ata kila mwenye miwani, na Jussara anavaa miwani. Huyo nilimbembeleza hadi akakubali.

Jussara aliwapokea wote. Walinipigia wenyewe kunieleza: amesema sawa, amesema karibuni, amesema nafasi ipo. Usiku ule nililala usingizi ambao sikuwa nimeulala tangu nifukuzwe.

Mtu mmoja tu sikumpigia, Dona Zulmira. Pipoca nilipanga nimnyoe mwenyewe jioni ya mkesha, taratibu, juu kwake. Yule hakuwa na deni kwangu.

Mkesha ukafika. Nikavaa gauni langu zuri, nikaenda duka la mkate linalotazamana na saluni. Nikachagua meza ya dirishani, nikaagiza kahawa na vimkate vya jibini vya moto. Nikakaa kama mtu aliyelipa kiingilio.

Saa nne haijatimia, foleni imeshafika kwenye mti wa kona. Mbwa wanabweka, wengine wamekwishashikana. Wenyewe wanagombana nani alitangulia.

"Mimi niliambiwa saa nne."

"Na mimi niliambiwa saa ngapi, usiku?"

Jussara akatoka mlangoni, aproni imelowa, anatabasamu lile tabasamu lake la simu. "Jamani, wote mtahudumiwa. Ingieni, ingieni."

Na kweli wakaingia. Nikamega kimkate changu.

Baada ya muda wakaanza kutoka. Mama mmoja akasimama kizingitini, ananusa sikio la mbwa wake. "Huyu bado ana povu."

"Ni mafuta hayo, mama. Ya kulainisha."

"Mafuta gani yanatoa mapovu?"

Nyuma yake akatoka mzee wa shati la maua, mbwa wake kanyolewa ubavu mmoja tu. "Binti, na upande wa pili?"

"Ndio mtindo wa mwaka huu."

"Mtindo wa nani, wa aliyekimbizwa na kinyozi?"

Watu wakacheka kwa hasira, kicheko kile kinachotangulia ugomvi. Kisha nikaona nilichokuwa nakisubiri. Yule mama mwenye povu akazunguka pembeni, akapanda ngazi za kwenda kwa Dona Zulmira. Mzee wa shati la maua akamfuata. Baadaye wengine.

Sitawadanganya, kahawa ile ilikuwa tamu. Nikaagiza ya pili. Nilijiona nimesimama mbele ya ubao wa saluni, nashika brashi, nalirudisha jina langu na kulifuta la mtu.

Umati ukapungua mchana. Wasichana wawili wa kazi wakatoka, aproni wamezitupa mlangoni, wakaondoka bila kuangalia nyuma. Nikawa nanyanyuka, namuaga mwenye duka kwa sauti, nimeridhika, ndipo nikasikia naitwa kutoka juu.

Dona Zulmira alikuwa kwenye roshani yake, ameshika chuma, anauangalia upande wa gauni langu jekundu.

"Ivonete, ni wewe? Pipoca umeshammaliza?"

"Pipoca yupi, mama? Si nitakuja kumnyoa jioni?"

"Si nilimshusha asubuhi? Kila aliyepita hapa alisema Ivonete ndiye aliyemtuma. Nikasema Mungu mkubwa, hawa watoto wamepatana. Nikajua uko humo ndani unafanya kazi. Nikaona kwa nini nikusumbue upande ngazi?"

Kikombe kilinitoka mkononi. Mwenye duka akaanza kunisema, mimi nimeshafika katikati ya barabara.

Ndani ya saluni kulikuwa hakuna pa kukanyaga. Maji sakafuni, manyoya juu ya maji, taulo juu ya manyoya. Jussara alikuwa peke yake, ameegemea beseni, miwani imevunjika mkono mmoja. Yule mbwa wa bibi alikuwa amefanya kazi yake.

Aliponiona akajinyoosha.

"Mama Tainá," akasema. "Nilijua utakuja."

Nilidhani ananikejeli. Nikajiandaa kumjibu.

"Kila aliyepiga simu alisema wewe ndiye umemtuma. Kila mmoja. Nikasema huyu mtu nimemtendea vile, na bado ananiletea riziki." Akaonyesha rafu. Palikuwa na panetone, ule mkate mtamu wa Krismasi, imefungwa karatasi ya dhahabu. "Ile yako. Nilitaka niilete leo nikuombe radhi, Tainá akisikia."

Nimetukanwa maishani mwangu. Hakuna tusi lililoniuma kama shukrani ile. Nikahisi nalainika, nikajichukia, nikajikumbusha ile picha na jina langu chini yake. Nikawa mgumu tena.

"Pipoca yuko wapi?"

"Kwenye vizimba. Nilimwogesha mwenyewe, taratibu, moyo wake naujua."

Tukaanza kuangalia. Walikuwa wamebaki wachache. Na hapo nikaona jambo lililonisimamisha nywele. Wote walikuwa na utepe mwekundu.

Enzi zangu, mbwa akiingia tu mlangoni, kabla hajaguswa na maji, namfunga utepe wa rangi yake shingoni. Wa Pipoca ulikuwa wa kijani. Wa Floco, njano. Mbwa wa manyoya akilowa hana sura, hata mama yake hamjui, lakini utepe unamjua. Kazi ikiisha ndipo unahamia masikioni. Jussara aliuita upuuzi unaokula muda. Kwa Krismasi alinunua robota moja zima la utepe mwekundu, akawafunga wote mwishoni, wakati wa kutoka.

"Huyu hapa," akasema, akamtoa mbwa mweupe kizimba cha mwisho.

Nikampokea, nikamfungua mdomo. Meno yote yapo, meupe, makali.

"Huyu ni Floco."

Jussara akamtazama mbwa, akanitazama mimi, akamtazama mbwa.

"Wanderley alikuja mbio," akasema polepole. "Gari linaunguruma nje, watoto wanalia. Nikampa mbwa ndani ya kisanduku cha kubebea."

"Ulimwangalia?"

"Wote weupe, Mama Tainá. Wote utepe mwekundu, wote harufu moja."

Nikampigia Wanderley. Hapatikani. Nikapiga tena. Njia ya kwenda baharini inapita milimani, simu huko hazishiki. Pipoca alikuwa garini, katikati ya watoto wasiomjua, kwenye joto la Desemba, anapelekwa mbali na kidonge chake. Na usiku kule wanapiga fataki hadi vioo vinatikisika.

Jussara akavua aproni. "Napanda kumwambia."

Nikamshika mkono.

"Ukimwambia leo, Mwaka Mpya huna saluni."

"Najua."

"Basi usimwambie. Mpelekee huyu. Yule haoni."

Msinielewe vibaya, wala msiniombee. Sikuwa namwokoa. Pale pale, nimemshika mkono, niliona mlango mpana kuliko ule nilioupanga. Kupoteza mbwa siku ya kazi nyingi, Dona Zulmira angesamehe, ana moyo ule. Lakini kumletea mjane asiyeona mbwa wa bandia siku ya Krismasi? Hilo halina msamaha. Na mimi ndiye ningempeleka huyo mbwa, na mimi ndiye ningefichua.

"Na Pipoca?" Jussara akauliza.

"Wanderley akifika atagundua, atapiga. Kesho kutwa tunabadilishana, hakuna atakayejua."

Akaniangalia. "Wewe ndiye unayesema hivyo? Wewe uliyekuwa unanigombeza kwa povu la sikio?"

"Mimi."

Akakaa chini, kwenye maji. "Fanya unavyoona. Mimi nimechoka, hata kufikiri siwezi."

Nikamchukua Floco uani, nikampandisha kwenye meza ya zamani, nikatoa mkasi wangu mkobani. Pipoca nilikuwa nimemnyoa miaka yote ile, umbo lake liko vidoleni mwangu. Masharubu ya mviringo. Miguu kama amevaa soksi. Shingo fupi kidogo upande wa kushoto, analalia huko. Nilinyoa bila haraka, nikimgeuza, nikimchana, nikirudia. Uongo ukifanywa ovyo watu huuita kosa. Mimi nilitaka uitwe uongo.

Nilipomaliza nilirudi nyuma hatua, nikamtazama. Siku ile, saluni ile, katika mbwa wote walioingia na kutoka, aliyenyolewa vizuri kuliko wote alikuwa huyo wa kudanganyia.

Kupitia dirisha nilisikia sauti ya Jussara, anaongea peke yake au analia. Sikujali. Nikapanda ngazi.

Juu kulinukia mdalasini. Mezani palikuwa na hori la Betlehemu, na sanamu zake ndogo za udongo, ambazo mimi humpangia kila mwaka. Mwaka ule alipanga mwenyewe kwa kupapasa, ng'ombe akamweka juu ya mmoja wa mamajusi.

"Mlete mwanangu," Dona Zulmira akasema, akanyoosha mikono.

Nikamweka Floco mapajani kwake. Mbwa mwenyewe mpole, akajikunja. Vidole vya Dona Zulmira vikapita kwenye masharubu, vikashuka shingoni, vikazunguka miguu. Alikuwa anatabasamu.

"Mkono wako huu, Ivonete. Huyu hakunyolewa na mtu mwenye haraka."

Nilikuwa nimeshafika, na maneno yangu nilikuwa nimeyapanga njia nzima.

"Mama, kuna jambo. Nimeshindwa kulificha. Huyu si Pipoca."

Vidole vyake havikusimama. "Si Pipoca?"

"Jussara amempoteza. Amempa mtu mwingine kwa ajili ya haraka zake. Kisha akanituma nikuletee huyu, kwa sababu wewe huoni. Nimepanda ngazi hizi naumia. Nikasema siwezi, wacha nimwambie mama ukweli."

"Jussara ndiye aliyesema hivyo? Kwamba sioni?"

"Ndiye."

"Kwa maneno hayo?"

"Kwa maneno hayo hayo."

Dona Zulmira akaendelea kumpapasa mbwa. Nje mtu alianza kupiga fataki za mapema, moja moja.

"Jussara alinipigia simu," akasema. "Sasa hivi, wewe ukiwa uani unanyoa. Alikuwa analia mpaka nikamwambia rudia, sisikii. Amenieleza kuhusu Pipoca. Akaniambia na habari ya mbwa wa mwalimu Edilene, kwamba aliyemuunguza ni yeye, wewe ulisingiziwa. Ameahidi leo leo ataandika hivyo kwenye kundi la mtaa, kwa jina lake."

Nikatafuta kiti, nikakosa, nikashika meza. Kimajusi kimoja kikaanguka.

"Nilifurahi, Ivonete. Katikati ya uchungu wa mbwa wangu, nilifurahi kwa ajili yako. Nikajiambia akipanda tu nampa habari, na chumba cha chini nampa yeye. Lakini Jussara akaniambia pia ni nani aliyesema sioni. Sikumwamini. Nikasema acha Ivonete apande, nimsikie mwenyewe."

"Mama..."

"Nimeuliza mara mbili. Nilikuuliza mara mbili ili upate nafasi."

Nilitaka kusema mengi. Nilitaka kusema kwamba ni yeye aliyenianza, kwamba picha ile, kwamba wali una manyoya. Kila neno lilifika mdomoni likaonekana bovu.

"Na wale watu wa asubuhi," akasema, "waliopanda hapa kulalamika. Wote umewatuma wewe, wote kwa saa ile ile. Na hilo nalo alikushauri Jussara?"

Kabla sijajibu, simu yangu ikalia mkobani. Nikaitoa. Jina lilikuwa la Wanderley.

"Ni nani?"

Sikuthubutu kudanganya tena. "Ndiye aliyemchukua Pipoca."

"Pokea. Iweke nami nisikie."

Nikabonyeza. Mwanzoni ilikuwa kelele za barabara tu, na magari makubwa yanapita karibu sana, kama gari limesimamishwa kando. Nyuma yake mtoto analia, si kile kilio cha kutaka kitu. Kisha Wanderley akasema, kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kuisikia kwake dukani.

"Ivonete, dada yangu. Samahani. Uko peke yako hapo?"

Vidole vya Dona Zulmira vikasimama juu ya mgongo wa Floco. Akaugeuza uso wake kwangu, macho yale meupe yakanikaa usoni kana kwamba yananiona. Akaweka kidole mdomoni. Kisha akaniinamishia kichwa, mara moja, taratibu: mwambie ndiyo.

"Ndiyo," nikasema. "Niko peke yangu."